Mizunguko Thelathini

Amplifaya zilizoundwa Morogoro miaka ile ya ujamaa zilikuwa na nguvu, bwana. Ukiwasha moja Mwembesongo, treni ilikuwa inapunguza mwendo kabla ya Kingolwira, dereva anadhani mbele kuna harusi imekaa relini. Waliozibuni walikuwa wazee wawili, na nilipowazoea wote wawili walishastaafu. Mmoja alikuwa fundi umeme wa misheni huku kwetu mlimani, Mkatoliki, mtu wa maneno machache na sweta moja. Wa pili alikaa Mwembesongo mjini, Mwislamu, alitengeneza redio kwenye shamba la mkonge mpaka macho yakachoka.

Hawa hawakuwa mafundi wa kubadilisha fyuzi tu. Walibuni. Dukani hakukuwa na kitu, hata sabuni tulipangia foleni, sasa amplifaya utaitoa wapi? Walichora mashine nzima kwa mkaa sakafuni, wakakaa wanaitazama siku mbili, wake zao wamekatazwa kufagia. Halafu wakaijenga kwa bati la debe, mbao za mninga na waya wa shaba waliouchomoa kwenye mota zilizoungua. Ukiiwasha, vile vichupa vya kioo walivyoviita valvu vinaiva taratibu kama makaa. Na santuri uliyoisikia mara elfu, siku hiyo unagundua kumbe mpiga gitaa alikuwa na kikohozi.

Mimi nilikuwa mbeba mboga. Nashusha kabichi na karoti kutoka Uluguru mpaka sokoni mjini, gunia kichwani, njia ile ya utelezi hata mbuzi anaipita kwa kuomba Mungu. Huko mlimani kulikuwa na binti aliyelima karoti jirani na misheni. Jinsi alivyokuwa mzuri, ukungu ulikuwa unachelewa kuondoka asubuhi ili umtazame. Yeye alishanikubali. Lakini kwetu Waluguru binti ana mjomba wake, na mjomba asipotamka, baba mtu atatamka mpaka ulimi ukauke na hakuna harusi. Mjomba wa huyu binti ndiye yule fundi wa sweta.

Nikamwendea. Shikamoo niliyopiga ilinifikisha magoti kwenye tope.

"Marahaba. Unataka nini?"

"Mzee, nimekuja kwa habari ya mpwa wako."

"Ana nini, anaumwa?"

"Haumwi. Ninayeumwa ni mimi."

Akanitazama kama anavyotazama waya uliokatika. "Nina mashine ya kumaliza na mwenzangu wa Mwembesongo. Ikiisha salama, nitakaa na dada yangu tukuongelee. Mkono wako una nguvu?"

Nikasema una nguvu. Ningesema hata kama sina mkono.

Mashine yenyewe ilikuwa ya ukumbi wa dansi wa Mwembesongo. Kubwa, ya stiriyo, yenye upande wa kulia na upande wa kushoto. Balozi wa nyumba kumi aliwaambia wazee kwamba maisha yao yote wametengeneza kila mtu kivyake kama mabepari, sasa wamestaafu, watuachie moja waliyoifanya kijamaa. Wakagawana. Wa mjini kulia, wa mlimani kushoto. Kila upande ulikuwa na transfoma yake, na transfoma ndiyo roho ya mashine: waya mwembamba kama unywele, unaviringishwa kwenye kigurudumu chake mara nyingi mpaka unasahau umezaliwa na nani.

Niliwasikia wakipatana kibarazani.

"Wewe unafunga mizunguko mingapi?" aliuliza wa mjini.

"Mimi, miaka yote, thelathini."

"Hata mimi thelathini. Basi tumeelewana. Nilidhani nyie wa mlimani mnahesabu mpaka vidole vya miguu."

"Tunahesabu. Nyie wa bondeni mmevivalia viatu, mkasahau viko vingapi."

Kazi yangu ilikuwa kuzungusha mpini wa kile kimashine cha kuviringishia waya. Kwa mjomba mlimani, mzee alikaa pembeni na rozari kuukuu, iliyokatika msalaba. Ya sala alikuwa nayo shingoni, hii alishaigeuza ya kazi. Nikizungusha mara moja, anasogeza punje moja. Wiki iliyofuata nikateremka kumzungushia na yule wa mjini, maana bega lake lilikuwa bovu. Huyo naye alihesabia tasbihi ya mbao iliyochakaa, ya kazi vilevile. Nikazungusha, nikazungusha. Mkono ulivimba ukawa kama mgomba.

Siku ya kuijaribu ukumbi ulijaa saa tisa mchana. Valvu zikaiva. Kulia ikatoka sauti nzito, tumbo linatetemeka, mama mmoja akashika meno yake. Kushoto akatoka mbu. Mbu mwembamba, mwenye mafua.

Watu walikaa kimya kwa heshima. Afadhali wangezomea.

"Umenipa valvu zilizochoka," akasema mjomba.

"Valvu zangu zimechoka? Masikio yako ndiyo yameingia ukungu."

Wakabadilishana valvu, za kulia kushoto, za kushoto kulia. Mbu hakuhama. Mjomba akavaa sweta yake, pilau ikiwa imeshapakuliwa, akapanda mlima bila kula. Marafiki wa miaka yote ile hawakuagana.

Nikamfuata kesho yake. Hata shikamoo yangu aliiitikia akiwa mlangoni.

"Ile habari ya mpwa wangu ifunge," akasema. "Sina moyo wa kuongea harusi. Kuna karani upande wa Mzumbe, ana baiskeli, ana kalamu tatu mfukoni. Jumapili anakuja kuposa. Nitamkubalia, nipumzike."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Nilikwenda shambani kwa binti nikiwa sina hata nguvu ya kutania. Nikamweleza yote. Yeye akaendelea kung'oa karoti.

"Wewe si ndiye uliyezungusha transfoma zote mbili?"

"Ni mimi."

"Na hukuona tofauti?"

"Nitaonaje, nyuzi zote nyekundu. Ila ya mjini iliniua mkono."

"Ilikuua vipi?"

"Hapa kwa mjomba wako tulianza mkewe akiinjika maharage, tukamaliza maharage bado magumu. Kule tulianza mzee akitoka kuswali adhuhuri, alasiri ikaadhiniwa, akaenda msikitini, akarudi, mimi bado nazungusha."

Akasimama na karoti mkononi. "Na wote walisema thelathini?"

"Thelathini."

"Nenda kamwambie mjomba hivyohivyo. Maharage na adhana. Usiongeze chumvi."

Hiyo ndiyo siku pekee maishani mwangu ambayo sikuongeza. Nilimwambia mzee kama ilivyokuwa. Akaingia ndani, akatoka na ile rozari, akaanza kuteremka mlima. Mimi mwenye miguu ya kubebea mizigo nilimfikia mtoni.

Tulimkuta fundi wa Mwembesongo barazani kwake. Mjomba hakusalimia, aliitandaza rozari kwenye mkeka.

"Mzunguko wako mmoja ni nini?"

Mwenzake akaitazama rozari. Kisha akachomoa tasbihi mfukoni, akaiweka kando yake. Hapo kila mmoja akachukua ya mwenzake akahesabu, midomo ikichezacheza.

"Tisini na tisa," akasema mjomba.

"Hamsini na tisa," akasema wa mjini.

Kumbe kila mmoja mzunguko wake ulikuwa ni kumaliza punje zote mara moja. Thelathini ya huyu ilikuwa karibu mara mbili ya thelathini ya yule. Kwenye amplifaya ndogo za misheni kipimo cha mjomba kilitosha kabisa. Kwenye lile dude la ukumbi ndiyo tukapata mbu.

"Yaani miaka yote hii," akasema wa mjini, "tunasema neno moja, kila mtu na dini yake."

Mjomba alianza kucheka kwa mabega. Sijawahi kumwona akicheka kabla ya hapo. Sweta ilitaka kuchanika.

Sasa waya wa kuongezea, hakuna. Jumamosi alfajiri mjomba akanituma nyumbani kwake nikalete amplifaya yake ya kwanza kabisa, aliyoibuni akiwa kijana, iliyokuwa chini ya kitanda kama mtoto mgonjwa. Aliifungua mwenyewe. Akachomoa transfoma yake, akaupapasa ule waya kwa kidole gumba, kisha akanipa ncha. Mwenzake aliangalia pembeni, akajifanya anatafuta miwani iliyokuwa usoni kwake.

Tulifunga upya palepale barazani. Mimi kwenye mpini, wao wawili wamekaa bega kwa bega na tasbihi moja.

"Padri akiniuliza," mjomba akasema, "nitamwambia ni waya tu uliosilimu."

Jioni tukaunganisha. Kushoto ikafunguka, sauti ikasimama katikati ya ukumbi kama mtu mzima, ungeweza kuizunguka ukaiona kisogo. Mjomba alikaa mbele ya spika ya kushoto, macho amefumba. Nilimsogelea nikaanza kusema juu ya Jumapili. Akaninyamazisha kwa mkono mpaka upande wa santuri ulipoisha.

"Karani atakuta ameshaposwa," akasema. Kisha akamgeukia mwenzake. "Na mshenga wa huyu ni wewe."

"Mimi nipande mlima huo kwa ajili ya mtu wa kabichi?"

"Utapanda."

Alipanda. Jumapili baada ya misa alikuwa sebuleni kwa mjomba na kanzu iliyopigwa pasi, akiniombea mke kwa maneno matamu mpaka nikajionea wivu mwenyewe. Karani naye akafika, akapewa habari kwa upole, akapewa na chai. Masikini, alikuwa mtu mzuri tu. Alipotaka kuondoka, akasema dainamo ya baiskeli yake haiwaki.

Wale wazee waliinuka pamoja. Posa ikaachwa mezani. Wakaipindua baiskeli uani, mmoja anazungusha gurudumu, mwingine anaomba bisibisi, karani ameshika taa, wanabishana kuhusu sumaku kama watoto. Binti na mimi tukakaa kizingitini tunawatazama. Jua lilizama bila mtu yeyote kukumbuka kututamkia siku ya harusi.