Vidole Kwenye Matofali ya Ngome

Mimi ni mfyatuaji wa matofali. Kazi yangu iko bondeni, chini ya barabara itokayo Gitega kwenda Gishubi, na tangu mji wetu ufanywe makao makuu ya Burundi, tanuri zetu hazipoi. Dada yangu aliponialika Amerika kwenye harusi ya binti yake mkubwa, wenzangu bondeni waliniambia, "Nenda ukaone mambo makubwa, uje utusimulie."

Dada na mimi tulikulia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Yeye alichukuliwa kwenda kuishi Charleston, mji wa bandari huko kusini mwa Amerika. Mimi nilirudi Burundi. Tulikuwa hatujaonana tangu asubuhi ile alipopanda basi la kuondoka. Aliponiona uwanja wa ndege alinishika masikio yote mawili, kama alivyokuwa akinifanyia utotoni, akasema, "Umezeeka vizuri."

Mambo makubwa niliyaona kweli. Niliona daraja linaloning'inia kwenye nyaya nene, refu mpaka upande wake wa pili ulimezwa na ukungu. Niliingia ndani ya meli ya vita ya zamani, siku hizi ni ya kutembelewa tu, yenye ndege zilizopangwa juu ya mgongo wake. Nilipotea humo kwenye vyumba vya chuma, nikashuka ngazi na kupanda ngazi, mpaka mpwa wangu mdogo, msichana wa sekondari, akanikuta nimesimama mbele ya majiko makubwa nikiwaza ni watu wangapi waliokuwa wakila humo. Niliona nyumba za kale zinazotazama bahari, moja ya rangi ya papai, nyingine ya rangi ya maziwa, na mizinga ambayo watoto walikuwa wakiipanda huku wazazi wao wakiwapiga picha. Nilitembea mdomo wazi. Dada alicheka, akasema yeye mwenyewe amezoea, huwa anapita tu akienda kufua mashuka hotelini.

Siku chache baada ya harusi tulipanda boti sisi watatu, dada, mpwa na mimi, kwenda kwenye ngome iliyo kisiwani, mlangoni mwa bandari. Dada alikuwa hajawahi kufika huko hata siku moja.

"Mjomba," mpwa wangu aliniambia, "vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe vilianzia hapa."

Niliitikia, lakini nilikuwa nimeshaacha kusikiliza. Ngome nzima ilikuwa ya matofali. Kuta nene kuliko chumba changu, matao juu ya matao, yamekaa ndani ya maji ya chumvi kwa vizazi na vizazi. Nimefyatua matofali maisha yangu yote na sikujua kwamba tofali linaweza kufanya hivyo. Nikausogelea ukuta kama mtu anavyomsogelea ng'ombe mgeni, polepole, nikaupapasa.

Ndipo kidole changu kikaingia kwenye kishimo.

Vilikuwa vishimo vitatu, vidogo, vimepangana. Nikajaribu kuweka vidole vyangu, havikuenea. Nilijua mara moja ni nini. Tofali likishatolewa kwenye kalibu, kile kisanduku cha kuliundia, hulala juani, halafu lazima lisimamishwe ubavu ili likauke pande zote. Kazi hiyo kambini tulipewa watoto, kwa sababu tunainama bila kuchoka. Ukilishika kabla halijakaza, vidole vinazama, na mama yangu alikuwa akinikemea kwa hilo kila siku.

Mhifadhi wa pale, mama mmoja mweusi mwenye kofia pana, aliniona nimeganda akaja. Mpwa wangu akatafsiri.

"Anasema matofali haya yalifyatuliwa na watumwa, kwenye mashamba ya kandokando ya mito. Anasema hizo ni alama za vidole vyao."

"Mwambie huyu alikuwa mtoto," nilisema. "Mwambie ni mkono wa kushoto. Na udongo ulikuwa bado mbichi, alikuwa anaharakishwa."

Mpwa alinitazama kwanza, kisha akatafsiri. Yule mama akavua kofia yake. Akainama, akaweka uso wake karibu kabisa na ukuta.

"Anauliza umejuaje."

Nikajifanya naokota tofali, nikalisimamisha ubavu mbele yao, kwa mkono wa kulia, kisha kwa wa kushoto. Yule mama alielewa kabla ya mpwa kufungua mdomo. Akanishika mkono, akanipeleka kwenye ukuta mwingine, halafu mwingine. Hapa kidole gumba cha mtu mzima. Hapa kiganja kizima, kimeteleza. Aliniuliza kwa nini baadhi ya matofali ni meusi, nikamwambia hayo yalikaa karibu na moto tanurini. Sikumbuki tulizunguka kiasi gani. Boti lilipiga honi mara mbili, na dada alikuwa akituita kwa sauti ya juu, ya kambini kabisa.

Kwenye boti dada aliendelea kuitazama ngome mpaka tukakaribia gati. "Nimekaa hapa miaka yote hii," alisema, "nikidhani ni mawe."

Niliporudi Burundi nilienda Muyinga kurudisha koti nililoazimwa kwa ajili ya safari na rafiki yangu, Mwislamu wa mjini anayeuza misumari na mabati. Alitaka habari za majumba.

"Niliona matofali," nilimwambia.

Alicheka mpaka akaegemea mezani. "We! Ulienda mpaka Amerika kuangalia matafari? Si hapa kwetu iko mingi, na unatengenezaga wewe mwenyewe?"

Nikamsimulia. Alipoacha kucheka alimwita jirani yake, fundi cherehani. "Donc, basi, ongea tena, huyu naye asikie." Nikaanza upya. Mama mmoja aliyekuja kununua misumari alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, kikapu kichwani.

"Na uyo mtoto," aliuliza, "mama yake alikuwa naye pale?"

Nikamwambia sijui, hakuna aliyeandika. Alitikisa kichwa, akachukua misumari yake akatoka. Rafiki yangu alikunja koti taratibu, akaniuliza kama nimekula. Sikuwa nimekula.