Figo Alilompa Mdogo Wake

Kwa watu wa uwanda wa Ruzizi, anayekupa ng'ombe anakupa pia kazi ya kumpelekea habari. Ukikutana naye sokoni, kabla hujasema kwamba paa lako linavuja au mtoto wako ana homa, utamwambia: ng'ombe wako hajambo, anakula, juzi alizaa. Aliyepewa haanzi na habari zake mwenyewe. Pudentienne alikua akiliona jambo hilo kwa baba yake, na mdogo wake Sévère vilevile. Hivyo siku Pudentienne alipompa Sévère figo, wote wawili walijua, bila kuambiana, namna watakavyoishi baadaye.

Hiyo ilikuwa mwaka 2017. Sévère alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga kule Bwegera. Alivimba uso na miguu, mafigo yake yakashindwa kazi, ikabidi damu yake isafishwe kwa mashine ng'ambo ya mpaka, Bujumbura, mara mbili kwa wiki. Alikuwa akirudi amenyauka kama jani la muhogo lililoanikwa. Pudentienne, mkulima wa Runingu, mjane asiye na mtoto, alipimwa, ikaonekana damu zao zinapatana. Shamba la baba likauzwa, parokia ikachangia, wakapelekwa India. Waliporudi, watu wa Runingu walimtania Pudentienne kwamba sasa analima nusu mtu.

"Nusu ingine iko Uvira, inakula ndagala za ziwa," aliwajibu, akaendelea kupalilia.

Sévère aliambiwa aishi mjini, karibu na mpaka, na asibebe tena magunia. Akapanga nyumba Uvira pamoja na mkewe Blandine, binti wa wavuvi wa pale ziwani, akafungua meza ya kutengeneza redio na simu. Akawa mtu wa kukaa tangu asubuhi hadi jioni. Dawa zilimrudishia hamu ya kula, akanenepa shingo na tumbo, na majirani wakamsifu Blandine kwa kumtunza. Nani angethubutu kumwambia mtu aliyerudi kutoka kaburini apunguze chakula?

Daktari wa Bujumbura alithubutu. Kila baada ya miezi mitatu alirudia maneno yale yale: "Figo linaendelea vizuri. Lakini wengi waliopandikizwa figo huuawa na moyo, figo likiwa bado zima. Punguza chumvi. Tembea kwa miguu. Na hizi dawa za presha usiziache hata siku moja." Sévère alisikia, Blandine alisikia. Kwa Pudentienne kule Runingu ilifika nusu ya kwanza tu: figo linaendelea vizuri.

Kila Jumapili baada ya misa simu ya Pudentienne ililia.

"Yaya," Sévère alimwita hivyo dada yake mkubwa, "ng'ombe yako iko muzima."

"Inakula?"

"Inakula, inakunywa. Kreatinini iko moja na pointi mbili."

Pudentienne hakujua kreatinini ni kitu gani, ila namba hiyo ya kipimo cha figo aliijua kama siku yake ya ubatizo.

"Na unaitandikia majani ya kukauka?"

"Majani? Inalala ku matela ya muzuri kupita yako."

Wakacheka. Nyuma ya Sévère sauti ya Blandine ikasikika: "Na muchungaji wa hiyo ng'ombe je? Mwambie yaya muchungaji anapumua kama mbuzi akipanda kale kamulima ka kanisa."

"Blandine anasema nini?" Pudentienne aliuliza.

"Anasema chakula iko tayari."

Mwishoni mwa 2025 vita vilishuka uwandani. Pudentienne alitoka Runingu na mkeka, jembe na sufuria moja, akatembea na umati hadi Uvira, mpaka mlangoni kwa mdogo wake. Hawakuwa wameonana tangu Pasaka. Sévère aliinuka kumpokea, akasimama katikati ya chumba akishika kiti, kisha akafika. Pudentienne aliona mwili mnene, akashukuru Mungu. Akaweka kiganja upande wa kulia chini ya tumbo la mdogo wake, pale figo liliposhonewa, akalisalimu kwanza.

Mji nao ukaingiwa na vita, na mpaka ukafungwa. Sévère akahesabu vidonge vya figo: siku tisa.

"Za presha ziliisha tangu wiki mbili," Blandine alisema.

"Presha?" Pudentienne alisema. "Kwa vita hii, wifi, nani hana presha?"

Hata Blandine alicheka kidogo.

Jirani mmoja, Bernardine, mchuuzi wa samaki, alimjua mvuvi aliyekuwa akipenya upande wa Burundi. Mvuvi alikubali kubeba kifurushi kimoja kisichozidi ngumi. Pudentienne alishika karatasi ya daktari, akauliza iandikwe dawa gani.

"Kama nafasi ni ya moja," Sévère alisema, "iwe ya ng'ombe."

"Sévère," Blandine alisema.

"Nimesema."

Siku nne Pudentienne alikaa ufukweni, akilala kifudifudi kila risasi ziliposikika. Siku ya nne kifurushi kilifika, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Alikiingiza kifuani akakimbia nacho, mama wa miaka hamsini na nane, akicheka peke yake barabarani. Vidonge vya figo, miezi miwili. Usiku ule alilala kama mtoto.

Siku sita baadaye, asubuhi, Sévère aliacha redio aliyokuwa akiifungua, akashika kifua, akatoka jasho shati likalowa. Wakampakia kwenye pikipiki, Pudentienne nyuma akimkumbatia asianguke, hadi kwenye zahanati pekee iliyokuwa wazi. Nesi Placide alimpima presha, akatazama kipimo, akapima tena.

"Pima figo," Pudentienne alisema.

"Mama, nisikilize, huyu moyo wake—"

"Pima figo kwanza. Ni yangu. Nitajua."

Placide alichukua damu ili amtulize Pudentienne, kisha akaendelea na kifua cha Sévère. Hakuwa na dawa aliyoihitaji. Sévère alimtafuta dada yake kwa macho. "Yaya," alisema, "iko muzima," na kabla ya saa nne alikuwa amekufa.

Majibu yalitoka saa sita. Placide aliyaleta mwenyewe, akayasoma taratibu. Moja na pointi mbili. Figo lilikuwa zima. Moyo ndio ulioshindwa, na haukuanza siku ile. Pudentienne alishukuru, kwa adabu, akakunja karatasi.

Blandine hakumlaumu. Alitandika mkeka msibani, akamwita akae karibu naye.

Padri hakuweza kufika, kwa hiyo katekista ndiye angezika. Alikuja kuuliza ya kusema. "Nitasema juu ya zawadi yako, mama Pudentienne. Figo lililodumu mpaka siku ya mwisho."

"Hapana. Figo uliache. Sema habari zake yeye."

"Vizuri. Nieleze. Miaka hii ya mwisho alikuwa anapenda nini? Alikuwa anasumbuliwa na nini?"

Pudentienne alizikumbuka zile simu. Miaka minane ya Jumapili ilikuwa pale, yote, na hakuna hata moja iliyomsaidia.

"Muulize Blandine," alisema. Kisha akasogea kwenye mkeka, akainamisha kichwa upande wa wifi yake, ili naye asikie.