Kofi la Marehemu

Nilipokuwa na miaka kumi, kule Bugwema, niliamini kwamba mtu aliyekufa anaweza kupiga kofi. Nilikuwa nimeliona kwa macho yangu. Shangazi yangu Nyabise, mjane, alikuwa akipepeta mtama, upepo ukimgusa tu shavuni anashika uso na kukauka kama aliyepigwa na umeme. Kisha linapita. Hakuthubutu kunawa upande wa kushoto, na kutafuna kulimshinda.

Sababu kila mtu aliijua: alikataa kurithiwa na shemeji yake. Wazee walisema marehemu mumewe ndiye anayempiga, na siku atakayokubali, kofi litakoma. Alikuwa ameng'olewa meno matatu bila nafuu. Mwaka ule hata sabuni ilikuwa adimu, sembuse dawa. Siku moja nikamsikia akimwambia mama kwamba labda akubali tu.

Mama hakungoja. Alikuwa amesikia kwamba hospitali moja ya Musoma imepata daktari mgeni wa mishipa ya fahamu. Tulipanda lori la pamba, mimi nikimkinga shangazi upepo kwa kanga, nikiogopa marehemu asije akakasirika.

Daktari alieleza kwamba mshipa wa fahamu wa uso ndio mgonjwa. Hatapasua, atapitisha sindano ndefu shavuni hadi kwenye shina la mshipa, aweke dawa ya kuuzimisha. Shavu litabaki na ganzi. Shangazi alisema ganzi ni mgeni anayevumilika.

Kesho yake asubuhi, baada ya sindano, tulimkuta amekaa dirishani, upepo wa ziwa unampiga usoni. Nikakunjua kanga nimkinge.

"Niguse hapa," akaniambia.

Niligusa kwa ncha ya kidole. Akaukamata mkono wangu, akaukandamiza wote shavuni, akaanza kucheka. Mama akacheka huku analia. Siku hiyo shangazi alinawa uso mara tatu, na mchana akatafuna sato mzima.

Tuliporudi, shemeji alikuja na maneno yaleyale. Shangazi akamkaribisha kiti.

"Shemeji, kaka yako alikuwaga mpole. Hakunipiga akiwa hai. Aje kuanza akiwa kaburini?"

Siwacheki wazee wale. Waliona maumivu yasiyo na jeraha, wakayatafutia mkono. Kinachoniuma ni kwamba waliuchagua mkono uliowafaa wao.

Maumivu yalirudi miaka kadhaa baadaye. Safari hiyo shangazi hakumuuliza mtu maana yake. Alijifunga kanga, akapanda basi la Musoma peke yake.