Mtoto wa Kwanza Huenda kwa Bibi

Wiki hii mama alipotokea mlangoni kwangu hapa Kirolirwe, mkeka uliokunjwa kwapani, nilinusa moshi wa nyumba ya bibi yangu, ingawa nyumba ile haipo tena. Wewe mwenzangu uliyekulia kwenye milima hii labda ungejua mara moja alichofuata. Mimi, na kusoma kwangu kote, sikujua.

Nianze na simu. Nina mimba ya pili. Ya kwanza niliibeba Kampala, nikisoma huku nauza vitenge, bila msaada wa mtu, nikarudi na binti mgongoni na diploma ambayo leo imetundikwa sebuleni ndani ya kioo. Nyumba hii ya mbao na bati ni jasho langu. Safari hii nilitaka ukoo wote ufurahi nami. Nilituma picha ya ekografi, ile inayomwonyesha mtoto tumboni, kwenye kundi la familia, na kila nilipotoka kwa muuguzi niliandika: mtoto anacheza, moyo unapiga vizuri. Wote walisoma. Hakuna aliyejibu, hata shangazi wa Walikale ambaye hujibu mpaka matangazo ya sabuni. Kwanza nilidhani ni wivu, maana nimewapita wengi. Baadaye nikaogopa kwamba hawamtaki mtoto wangu.

Basi mkeka ule ukanirudisha mbali. Nilikuwa mtoto wa pekee, nikilala ubavuni mwa mama. Asubuhi moja ya ukungu, baba akiwa bado anakamua ng'ombe, bibi, tuliyemwita tate, alikuja akaukunja mkeka wangu, akanishika mkono. Nililia njia nzima. Kwake kulinukia moshi na siagi, na maharage yalichemka tangu alfajiri. Kazi yangu ilikuwa kutikisa kibuyu cha maziwa mpaka siagi ishikane, nikisikiliza ule mlio mzito unaobadilika mafuta yanapoanza kujitenga. Jirani yetu alipita akanitania kwamba kwetu wamenifukuza, nami nikaamini. Nilipomuuliza tate nimekosa nini, alinilambisha siagi kidoleni mwake, akasema, "Mugongo moya haibebake batoto mbili."

Sikuelewa. Niliona tu kwamba tangu siku ile wanawake walianza kumletea mama kuni na maji, wakamwamkia kwa sauti laini. Hata mdogo wangu alipozaliwa, hakuna aliyenieleza.

Mama alikunywa chai yangu taratibu, akauliza habari za mvua na za maharage. Kisha akasema, "Nimekuya kumubeba mutoto."

Nilimuuliza mbona hawakujibu hata neno moja, wakati nimewatumia mpaka picha.

"Foto ya mutoto mwenye angali mu tumbo, ulitaka tuseme nini? Siye tunajuaka mimba wakati mutoto mukubwa anaendaka kwa tate yake. Tulikuwa tunangoya umulete. Haukumuleta, tukasema pengine haututaki tena, juu ulisoma."

Sikujua nicheke au nilie. Mama siku hizi anapanga chumba kimoja kule Shasha, kando ya ziwa, kati ya wauza samaki. Nilimweleza kwamba hapa kuna vyumba vitatu, na binti ana kitanda chake mwenyewe.

"Mutoto halalake mu chumba," akasema. "Analalaka kwa muntu."

Binti yangu, aliyekuwa anasikiliza, akaniuliza amekosa nini. Mama akachuchumaa, akamgeuzia mgongo. "Panda, mama."

Akapanda.

Walipofika Shasha, simu yangu haikutulia. Shangazi wa Walikale alikuwa wa kwanza: "Tumesikia mukubwa amefika kwa tate yake. Mungu akulindie tumbo." Juu ya ekografi, mpaka sasa, hakuna neno.

Ng'ombe wa baba walikwisha wakati wa vita. Nyumba ya tate imebaki mawe ya jiko, na kibuyu sijui kiliangukia mikono ya nani. Kumbe desturi ile haikwenda navyo; ilikuwa inaningoja. Asubuhi hii jirani amenishushia mzigo wa kuni uani, akaniamkia kwa sauti laini. Nimemshukuru, nikaingia ndani kutandika kitanda cha binti, ambacho hakuna aliyekilalia. Nimesimama pale na shuka mkononi, nisijue kama nimepokelewa au nimenyang'anywa.