Nzi wa Fundi Saa

Habari ililetwa na Mama Chumvi, jirani wa mlango wa tatu, na jina hilo hakupewa bure.

"Mama Kambare, shoga yangu, nikwambie kitu lakini usinitaje," alisema, na tayari alikuwa ameketi kwenye kigoda cha wateja bila kukaribishwa. "Baba mkwe wako anafuga nzi."

Mama Kambare alikuwa barazani akimsuka mwalimu wa chekechea nywele za uzi, kichana kiko kinywani. Akakitoa. "Anafuga nini?"

"Nzi! Nimemsikia kwa masikio yangu haya mawili, yuko dirishani anaongea na simu. 'Nzi wangu ni thelathini. Wawili wana mabawa mekundu. Wa manyoya ya jogoo ndio wazuri zaidi.' Sasa mwenzangu, nzi mwenye manyoya ya jogoo umemwona wapi? Hayo ni mambo ya usiku hayo."

Mwalimu akageuza shingo kuutazama mlango wa chumba cha mzee, na mstari uliokuwa umenyooka ukapinda.

Mama Kambare akashusha pumzi. Angecheka, kama si kwamba asubuhi ile ile alikuwa ameokota ndoana kwenye mkeka, ya tatu wiki hiyo, na mkeka wenyewe ndio uwanja wa mwanawe wa miezi tisa anayetambaa kutwa. "Si nzi wa kuruka," akasema. "Ni wa bandia. Wa kuvulia samaki."

"Samaki si anavuliwa kwa mnyoo?"

"Na mimi ndivyo nijuavyo. Kamuulize mwenyewe. Ukitoka kabla ya saa mbili za maelezo, uje unidai chai."

Mama Chumvi hakwenda kuuliza. Ukweli ungemharibia habari.

Mzee huyo mtaa mzima ulimwita Fundi Saa. Kwa miaka arobaini alitengeneza saa katika kibanda cha vioo kisichozidi upana wa kabati, na watu walisema akiiweka saa sikioni huyajua maradhi yake kama mama anavyokijua kilio cha mwanawe. Alipostaafu akaja kukaa kwa kijana wake. Kijana ni dereva wa lori, leo yuko mpakani, kesho yuko bandarini. Kwa hiyo aliyekaa na mzee hasa ni mkaza mwanawe. Nao walipatana. Ni mzee aliyembeba mtoto barazani mwezi wa kwanza wote ili mama apate usingizi, na ni yeye aliyempa jina la Kambare, kwa jinsi anavyoteleza akipakwa sabuni.

Ila safari ile ya kuvua! Safari ile ilikuwa imemfika mama wa watu hapa, kooni.

Kulikuwa na mto, mbali, mwendo wa siku mbili kwa gari na nusu siku kwa miguu, ndani ya msitu ambako simu hubaki kuwa tochi tu. Maji yake ni baridi kama ya barafu, na humo hukaa samaki aitwaye trauti, mwerevu kupita wakili. Huyo humtupii mnyoo. Unatengeneza nzi wa unyoya na uzi juu ya ndoana, unamrusha kwa mshipi mwepesi atue juu ya maji kama aliyedondoka kwenye jani. Ukimtua kwa kishindo, trauti anakucheka anakwenda zake. Tangu ujana Fundi Saa alikwenda huko kila mwaka na rafiki yake, mpima ardhi, ambaye mpaka leo anaitwa Mpima ingawa hapimi tena kitu ila sukari kwenye chai. Mwaka jana hawakwenda, mzee alikuwa anahama. Mwaka huu lazima.

Lazima hiyo ilianza kupangwa mtoto hajaota jino. Sasa alikuwa na manne.

Kwanza walingoja mvua ikatike. Ikakatika. Halafu maji yalikuwa bado na tope. Yakatakata. Halafu viatu vya mpira vinavuja, vikazibwa. Halafu hema limeliwa na panya, likashonwa. Halafu mzee akasema mwezi ni mpevu mno, samaki wanakula usiku na mchana wanashiba. Wakati wote huo meza ya sebuleni ilikuwa ya ramani, fimbo za kuvulia, na mkebe wa nzi. Mama Kambare alikula sahani ikiwa mapajani. Uzi wake mweusi wa kusukia ulipungua kama sabuni ya hoteli. Mteja mmoja alikalia shingo ya jogoo iliyokaushwa kwa ajili ya manyoya ya nzi, akaruka kwa ukelele, na hakurudi tena kumalizia upande wa kushoto. Na saa ya ukutani ilikuwa imesimama saa kumi na dakika kumi, mwezi wa tatu huu, nyumbani kwa Fundi Saa. Kila akiulizwa jibu lilikuwa moja: "Kesho nitaifungua, mwanangu. Niache nimalize mambo ya safari."

Mganga hajigangi, Mama Kambare alijisemea. Lakini hata kuitazama?

Jumatatu, saa nne asubuhi, Mpima akaingia na kofia yake ya turubai, hakukaa.

"Fundi, gari limepatikana. Keshokutwa alfajiri. Sema ndiyo."

"Keshokutwa..." Fundi Saa akakuna kidevu. "Nilikuwa nafikiria upepo, ndugu yangu. Upepo wa sasa hivi si mzuri kwa kurusha."

"Upepo! Jana ilikuwa mwezi, leo upepo. Kesho utaniambia nini, samaki wamefiwa?"

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja yaumiza matumbo! Nisikilize. Magoti yangu haya yamebakiza safari moja. Moja, Fundi. Daktari kaniambia, na nikipanda ngazi yananiambia yenyewe. Nilitaka niimalize na wewe. Usipokuwa mlangoni keshokutwa, namchukua shemeji yangu."

"Yule anayeongea na samaki?"

"Huyo huyo. Afadhali anayeongea na samaki kuliko anayeongea na kalenda."

Akatoka. Fundi Saa akabaki anaitazama ramani. Mama Kambare alikuwa mlangoni, mtoto kiunoni, na maneno aliyoyameza miezi mitatu yakagoma kumezwa tena.

"Baba, unisamehe, mimi ni mtoto kwako. Lakini mchagua jembe si mkulima. Kama huendi, sema huendi, tuitoe meza. Mwenzio anakuja hapa anabembeleza kama anakuposa. Na hizi ndoana, Baba! Leo tena nimetoa moja mkekani. Siku moja huyu ataimeza, na mimi nitasema nini kwa baba yake? Kwamba babu alikuwa anangoja upepo?"

Mzee aliinua mkono kama anayetaka kumshika mtoto shavu, akaushusha.

Mama Kambare akarudi barazani, akaona haya, akakasirika kwa kuona haya. Mteja aliyeahidi kuja hakuja. Baada ya kitambo akaingia ndani kuchukua maji ya mtoto, taratibu, maana Kambare alikuwa amelala begani.

Fundi Saa alikuwa dirishani, mgongo umeelekea mlango. Mkono wa kushoto ameinua ndoana kwenye mwanga, wa kulia ameshika ncha ya mshipi mwembamba. Akaupeleka kwenye kitundu cha ndoana. Ukapita kulia. Akaulamba, akaupeleka tena. Ukapita kushoto. Vidole havikutetemeka hata kidogo, vilikuwa vya fundi bado; vilikosea kwa uhakika kabisa, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya jirani akidhani ni kwake. Mara ya sita ndoana ikamponyoka ikaanguka mkekani. Akainama, akapapasa. Ndoana ilikuwa karibu na kidole chake gumba, inang'aa. Akapapasa upande mwingine.

Mama Kambare akasimama palepale. Akaiangalia saa ya ukutani. Akaiangalia ndoo ya takataka karibu na kiti, imejaa vipande vya uzi wake mweusi, vifupi vifupi, kila kimoja kimekatwa baada ya kushindwa. Akakumbuka nzi thelathini ambao walikuwa thelathini tangu mtoto hajaota jino. Akapiga magoti, akaiokota ndoana.

"Baba. Tangu lini?"

Mzee alishtuka. "Tangu lini nini?"

"Baba."

Mzee akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja kosa: "Nina mtoto."

"Una nini?"

"Wa jicho. Mtoto wa jicho. Yote mawili. Nimeandikishwa kutolewa, lakini foleni imenipeleka mpaka baada ya mvua zijazo."

Mama Kambare akakaa chini kabisa. Alitaka kulia, ikatoka hasira. "Yaani humu ndani mna watoto watatu, na mimi naambiwa mmoja! Na angalau huyu wangu akiwa na shida analia! Kwa nini hukusema?"

"Fundi saa aseme haoni?" Alicheka kidogo, bila furaha. "Kutembea natembea. Mto nauona, mti nauona, Mpima nitamwona tu, ana tumbo. Kurusha ni mkono na sikio. Lakini kule mshipi hukatika kila mara, na kila ukikatika lazima umfunge nzi mwingine. Ndiyo nisimame majini na miguu yangu mizima, nimwambie Mpima anifungie, mimi niliyemfundisha kufunga? Si afadhali upepo?"

Mtoto akajinyoosha begani, akalala tena. Mama Kambare aliitia ncha ya mshipi kinywani bila kufikiri, kama afanyavyo na uzi wa nywele kila siku ya Mungu, akaipitisha kwenye kitundu mara moja. Hakujua fundo la wavuvi, akapiga la wasusi.

Fundi Saa akalichukua, akalipapasa kwa kucha, akalivuta. Halikuachia. Akalivuta tena, kwa wivu kidogo.

"Zungusha mara tano, si mara tatu," akasema. Akasogeza mkebe kwenye mkeka, akatafuta kifuniko kwa vidole, akafungua. "Vipande vifupi vya mshipi, shubiri mbili mbili. Ncha moja nzi, ncha ya pili kitanzi. Kitanzi hicho na kitanzi cha mshipi wangu hata gizani nitaviunga, hiyo kazi ya kupapasa. Nifungie ishirini, mwanangu. La, fanya ishirini na nne, wale wa kule wana hila. Na Mpima akija keshokutwa akauliza nani kafunga, tafadhali, usimjibu. Mwache aniulize mimi."