Mnadani Hawanibishii Tena

Moyo wangu umegharimu milioni kumi na nane na laki nne. Nimejumlisha mara mbili. Nauli za kwenda Dar es Salaam na chakula cha walionisindikiza vimo ndani. Ng'ombe tisa waliondoka zizini, kikafuata kiwanja cha Kambarage, ambacho mwanangu alikiuza kwa bei ya mtu mwenye haraka. Ningekuwa na pumzi siku ile, mnunuzi yule angeongeza laki sita na kunishukuru juu yake.

Na madaktari sina ugomvi. Walinipasua kifua, wakachukua mshipa mguuni wakaupachika moyoni ili damu ipite pembeni ya palipoziba, kisha mfupa wa kifua wakaufunga kwa waya, kama mtu anayerudishia ua wa boma. Nina miaka sabini na moja. Kabla ya hapo nilikuwa sifiki chooni bila kupumzika njiani. Sasa naenda mnadani kwa miguu, na kurudi. Kule kliniki daktari, binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu, aliniambia, "Babu, dawa usiache, mizigo mizito usinyanyue. Kazini rudi."

"Kazi yangu ni udalali wa ng'ombe," nikamwambia. "Ni kelele tupu."

Akacheka. "Piga kelele, babu. Ukichoka, kaa."

Basi nikarudi.

Nina mtani wa kabila pale mnadani, Mha, mwenye bucha huko machimboni Geita. Miaka yote amekuwa akinitukana. Nikitaja bei anaita watu waje kumwona mwizi. "Ngosha, huyu ni ng'ombe au kitanda cha kamba? Nitawauzia wachimbaji kwato?" Nami namwambia aende Chato akanunue dagaa, nyama haikuumbiwa watu wa kwao. Anaondoka, namwita, naondoka mimi, ananiita. Tunafunga bei jua likiwa utosini, makoo yamekauka, kila mmoja akiamini kamwibia mwenzake.

Siku niliyorudi nilikuwa na dume la mfugaji mmoja wa Ushetu. Lilikuwa la laki tisa. Nikasema milioni moja na laki mbili, nikajiweka sawa kupokea matusi.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Nalichukua."

Shikamoo, kutoka kwa mtani! Hawa ni watu wanaomtukana hata marehemu, wanaolala kaburini wakigoma kutoka mpaka wapewe chochote. Mimi niliye hai naamkiwa kama padri.

Nikadhani labda machimboni kumetoka dhahabu, pesa zinamwasha. Mnada uliofuata nikamletea ng'ombe mzee, mbavu zake unazihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Nikataja milioni na nusu. Mkono wake ulisita, halafu ukaingia mfukoni.

"Sawa, mzee. Lakini umekula?"

Nikamshika shati. "Nani amekutuma?"

Akatazama kwato. "Mwanao. Alituita wote, madalali na wanunuzi. Alisema tukikubishia utatufia mikononi. Pesa inayozidi bei ya haki anaturudishia yeye."

Sikumuuza yule ng'ombe. Nilirudi nyumbani, nikamkuta mwanangu uani amepindua pikipiki, anabadilisha mnyororo.

"Kwa dume lile ulimrudishia laki tatu?"

Hakuuliza dume gani. "Laki tatu, baba."

"Mwenye dume kaondoka nazo Ushetu. Kamisheni yangu umenilipa wewe. Ningeuza kumi je?"

"Ningetafuta."

"Daktari kasema nipige kelele!"

"Daktari hakukaa pale nje ya ule mlango wa chumba cha upasuaji." Akaweka spana chini. "Ulikuwa umelala, baba. Mimi nilikuwa macho. Tumekununua ghali, siwezi kukupoteza kwa bei ya dume."

Nilikuwa na jibu, tena zuri. Lakini mama yake alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi, akasema, "Mwache baba yako, presha itampanda," na kijana akainama, akasema, "Nisamehe, baba." Ugomvi ukaishia hapo, mimi peke yangu nikiwa bado nimesimama na mdomo wazi. Mwanamke huyu amenibishia tangu tuoane, kuanzia chumvi hadi majina ya watoto. Siku hizi nikisema ugali ni mbichi anasema pole, anaurudisha jikoni. Ugali wenyewe hauna kasoro.

Nimemwomba mwanangu twende wote kliniki akamsikie yule binti. Anasema tutaenda, nisijali. Hata hilo hakulikataa. Mnadani wananiwekea kiti cha plastiki kivulini. Wanakuja mmoja mmoja, wananiamkia, wanarudi kule kwenye vumbi kutukanana bila mimi. Bei nimeacha kuzitaja, maana kila laki ninayopandisha inakatwa kwa mwanangu. Nilikwenda Dar es Salaam ili nisife. Sikufa. Lakini hapo kwenye kiti sioni nilichorudishiwa zaidi ya pumzi.

Kwa hiyo nawauliza ninyi mliopita kwenye kisu kile mkiwa na umri kama wangu, mkarudi kwa watu wenu: mliwafanyaje mpaka wakaanza tena kuwabishia?