Papadi Juu ya Boneti

"Mwiko wangu tena, baba Rekha? Mwiko wa mchuzi!" Mkewe alisimama uani, sinia la papadi mbichi za dengu kiunoni.  Mumewe, mwenye duka la vitambaa, alikuwa ameinamia gari lake la Kiingereza la viti viwili, bapa la mwiko kwenye injini, mpini sikioni, akisikiliza kama mganga. Kila alasiri ndivyo: hukunja mikono ya shati, akafuta spoku mojamoja kwa ile hariri ambayo wateja huambiwa imekwisha. Samli ya nyumba nzima imeliwa na springi anazozilainisha. Tangu alinunue bovu, gari halijavuka lango, ila likikohoa, punda wa mji wote wa Chemba huitikia.

"Liuze, nipate pa kuanika papadi zangu!"

"Bwana Shauri analitaka, mama Rekha. Anakuja leo. Nitamkataliaje mkubwa wa serikali?" Akapapasa taa kama shavu la mtoto anayeagwa. Mama Rekha akamwona.

Buti zikalia langoni. Bwana Shauri alipoingia na kofia yake, mama Rekha alikuwa akibandika papadi ya mwisho kwenye boneti yenye moto, na ugomvi umekatika. "Samahani, Bwana," akasema, "hili haliuzwi; ndipo ninapoanika papadi zangu."